Santuri za kwaya za jeshi la Kisovieti zenye nyimbo za Kiukraine: nitajuaje kwaya na mwaka, na nizinakilije?

MtegaSikio aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Ninazo santuri tisa za nyimbo za asili za Ukraine, zote zimeuzwa kwa jina moja: "Kwaya ya Jeshi Jekundu, miaka ya 1930". Nne ni zile nzito za 78 (mizunguko kwa dakika) zinazovunjika kama kigae. Tano ni za 33, na mbili kati ya hizo ni ndogo za sentimita 25, ukubwa uleule wa zile za 78. Majalada hakuna. Kilichobaki ni lebo za katikati, Kirusi kitupu, isipokuwa moja ya Kijerumani.

Sikio linakataa hayo maelezo ya muuzaji. Moja ina sauti za wanawake. Ile ya Kijerumani haina ala hata moja. Nyingine ina mlio safi mno kuwa ya kabla ya vita. Naomba kujua: (a) nitatambuaje kwaya halisi, (b) mwaka wa kurekodiwa unasomwa wapi, (c) kwa nini wimbo mmoja una majina matatu tofauti, na (d) nizinakilije kwenye kompyuta ikiwa mashine yangu ina kasi za 33 na 45 tu.

---

LeboKwanza alijibu:

Mkuu, kwanza litupe hilo jina "Kwaya ya Jeshi Jekundu". Wauzaji wa Magharibi wamelibandika kwa kila kundi la wanaume waliovaa sare. Kwenye lebo ya Kisovieti kikundi huandikwa kwa jina lake rasmi, na jina rasmi lilikuwa likibadilika. Hiyo ndiyo bahati yako.

Kikundi ambacho wengi hukitafuta ni kile alichokianzisha Alexander Vasilyevich Alexandrov huko Moscow mwaka 1928, kikiwa na watu 12 tu: waimbaji wanane, wachezaji wawili, mpiga bayani (kodiani ya vitufe) mmoja na msomaji mmoja. Alikiongoza hadi alipofariki Julai 1946, Berlin, kikundi kikiwa ziarani. Mwanawe Boris akakipokea na kukiongoza hadi 1987. Kwa hiyo soma lebo hivi:

Красной Армии ni "la Jeshi Jekundu". Советской Армии ni "la Jeshi la Kisovieti". Jeshi lenyewe lilibadilishwa jina mwaka 1946, kwa hiyo lebo yenye neno la pili haikuchapwa kabla ya hapo.

Kisha tafuta п/у (kifupi cha "chini ya uongozi wa") au дир. (mwongozaji). Baada yake litakuja jina. А. В. Александрова ni baba, kwa hiyo uimbaji ni wa kabla ya Julai 1946 hata kama santuri yenyewe ilichapwa miaka kumi baadaye. Б. А. Александрова ni mwana, yaani 1946 kuendelea. Tofauti ni hiyo А na Б tu, na kwenye lebo iliyochakaa mkia wa Б hufutika. Shika lenzi.

Mtego wake huu hapa: baada ya kifo cha baba, jina lake liliingizwa kwenye jina la kikundi, имени А. В. Александрова. Basi lebo ya mwaka 1960 inaweza kubeba А. В. Александрова juu na Б. А. Александрова chini. Usichukue Alexandrov wa kwanza unayekutana naye. Aliyeongoza ni yule anayefuata п/у.

Mtego wa pili ni Vinogradov. К. Виноградов ni Konstantin, mwongozaji. Г. Виноградов ni Georgi, mwimbaji wa sauti ya tatu. Wote wawili walikuwa kikundi kimoja, na wapo watu wanaotangaza santuri ya mmoja kwa jina la mwenzake.

Mtego wa tatu ni neno Краснознамённый, yaani "wa Bendera Nyekundu". Ni nishani, na wenye nishani walikuwa wengi. Ukisoma Краснознамённого Киевского военного округа, hiyo ni kwaya ya Wilaya ya Kijeshi ya Kyiv. Черноморского флота ni ya Meli za Kivita za Bahari Nyeusi, makao yake Sevastopol. Muuzaji akiona neno hilo tu anaandika Alexandrov na bei inapanda.

---

SautiYaNne alijibu:

Naongezea upande wa sikio, maana lebo nyingine hazisomeki kabisa.

Kundi la Alexandrov ni la wanaume watupu, likisindikizwa na okestra yenye domra na balalaika (ala za nyuzi za Kirusi), bayani na ala chache za kupuliza. Ukisikia sauti za kike zikiimba kwa kifua, kali na zilizonyooka, bila kutetema, hiyo si kwaya ya jeshi hata kidogo. Tafuta jina Верёвки kwenye lebo. Ni kwaya ya serikali ya Kiukraine iliyoanzishwa na Hryhoriy Veryovka mwaka 1943 huko Kharkiv. Ni nzuri sana, ila siyo unayoitafuta.

Ile ya Kijerumani isiyo na ala karibu nitaapa ni ya Serge Jaroff. Angalia kama imeandikwa Don Kosaken. Hao hawakuwa Wasovieti: ni wakimbizi wa jeshi lililoshindwa na Wabolsheviki, kwaya yao ilianza 1921 kambini karibu na Istanbul. Alama yao ni wanaume wanaoimba sauti ya kwanza kwa falseto juu kabisa, chini yao besi zinazovuma kama kinanda cha kanisa, na hakuna bayani. Waliimba nyimbo za Kiukraine nyingi tu, ndiyo maana huchanganywa.

Sasa kwa kwaya za jeshi zenyewe, sikiliza Kiukraine chao. Chukua mstari wa kwanza wa "Реве та стогне Дніпр широкий". Kwa Kiukraine, *reve* ina r ngumu na e iliyo wazi, karibu kama Kiswahili. Mrusi huilainisha: *rieve*. Neno la pili ni *stohne*, hiyo г ni h yenye mvumo wa koo. Mrusi hutamka *stogne*, kwa g ya "gari". Halafu *dodolu* ya mstari wa tatu: Mwukraine huiacha o ya kwanza ikawa o hata isipokuwa na mkazo, lakini Mrusi huzisogeza o zake zisizo na mkazo kuelekea a. Ukisikia *stogne*, hiyo ni kwaya ya Moscow. Ukisikia *stohne*, ni kwaya ya Kyiv au Odesa.

---

LeboKwanza alijibu:

Hapo mwisho umekaza mno, ndugu. Soloisti anaweza kuwa mzaliwa wa Ukraine akiimba mbele ya kwaya ya Moscow, na g na h zikasikika ndani ya wimbo mmoja. Tena mwalimu wa kwaya anaweza kuwa amewanoa vizuri. Matamshi ni dalili, si ushahidi.

---

SautiYaNne alijibu:

Nakubali kwa soloisti. Basi apime kwaya peke yake, pale inapoitikia, na apime ulaini kabla ya e badala ya g na h. Mwalimu husahihisha g kuwa h siku moja, lakini kulainisha konsonanti kabla ya e ni tabia ya ulimi, hurudi wimbo unapokwenda kasi. Ubeti wa mwisho ndio huumbua. Lakini kweli, п/у ikisomeka, sikio likae pembeni.

---

Mfereji alijibu:

Kuhusu mwaka: lebo inakuambia santuri ilichapwa lini. Uimbaji ni habari nyingine, na bei hupotoshwa hapo.

Kwa kuchapwa, tafuta maandishi madogo ГОСТ 5289 yenye tarakimu mbili baada ya kistari. Hicho ni kiwango cha serikali cha santuri, na tarakimu hizo ni mwaka kiwango kilipopitishwa: 50, 56, 61, 68, 73, 80, 88. Lebo yenye 5289-61 ilichapwa baada ya kiwango cha 1961 kuanza kutumika na kabla ya kile cha 1968 kukiondoa. Neno Мелодия likiwepo, ni 1964 kuendelea, maana ndipo kampuni hiyo ilipoundwa. Kabla ya hapo utaona jina la kiwanda, mara nyingi Апрелевский завод, kiwanda cha Aprelevka nje ya Moscow.

Kwa uimbaji, kwenye 78 ya Kisovieti kila upande una namba yake, na namba ya lebo ndiyo iliyokwanguliwa karibu na katikati, pale mifereji inapoishia. Namba hizo zilikuwa zikipanda kadiri miaka ilivyokwenda, kwa hiyo ukipata santuri nyingine yenye namba ya karibu na tarehe inayojulikana, umepata mwaka wako. Usidhani pande mbili ni za kikao kimoja. Viwanda vilikuwa vikiunganisha upande wa zamani na mpya, hata kwaya mbili tofauti, kwenye kipande kimoja. Andika kila upande kama santuri inayojitegemea.

Kwenye za 33, herufi Д inamaanisha ya muda mrefu, mono. Sufuri zinazofuata ni ukubwa: Д bila sufuri ni sentimita 25, Д-0 ni sentimita 30, Д-000 ni vile vidogo vya sentimita 17.5. С ni stereo. Kuanzia 1975 mfumo ulibadilika: С20 ni nyimbo za asili za Kirusi, С30 ni za mataifa mengine ya Muungano, С60 ni nyimbo za kisasa, na hiyo 0 ya mwisho ni sentimita 30. Kwaya ya jeshi yenye mchanganyiko wa nyimbo inaweza kuwekwa popote kati ya hayo matatu, kwa hiyo usitafute kwenye С30 peke yake kwa sababu tu wimbo ni wa Kiukraine.

Zile mbili zako za sentimita 25 za kasi ya 33, ziwekee alama ya penseli kwenye bahasha leo hii. Zinafanana na 78 kwa ukubwa, na mtu akiweka sindano nene ya 78 juu yake ataichana mifereji.

Cheo cha kiongozi nacho kinasaidia: Boris alipewa hadhi ya нар. арт. СССР (Msanii wa Watu wa Muungano wa Kisovieti) mwaka 1958. Ikiwa hadhi hiyo iko mbele ya jina lake, lebo ni ya 1958 au baadaye. Sisemi uimbaji. Lebo.

---

Kobza alijibu:

Swali la majina matatu halijajibiwa.

Lebo iliandikwa na karani Mrusi. Mara alitumia Kiukraine sahihi, mara aliandika matamshi ya Kiukraine kwa herufi za Kirusi, mara alitafsiri kabisa. Kwa hiyo "Взяв би я бандуру" utaikuta pia kama "Взял бы я бандуру", na kwenye santuri za nje ni "Bandura" tu. Kwa jina hilo fupi imo kwenye rekodi ambazo EMI ilifanya mwaka 1956 kundi la Alexandrov lilipozuru Uingereza, zikatoka kwa lebo ya Columbia huko na Angel nchini Marekani. Kipimo rahisi: herufi і, ї na є hazipo katika Kirusi. Ukiziona, karani alifuata Kiukraine. Ukiona ы au э katikati ya maneno ya Kiukraine, kama сыва зозуля badala ya сива зозуля, ameandika alivyosikia. Unapotafuta mtandaoni ingiza namna zote tatu, la sivyo utakosa nusu.

Sasa kuhusu neno "asili". Lebo husema укр. нар. песня, wimbo wa asili wa Kiukraine, hata pale mtunzi anapojulikana. "Реве та стогне" ni shairi la Taras Shevchenko, muziki wa Danylo Kryzhanivsky. "Повій, вітре, на Вкраїну" maneno ni ya Stepan Rudansky. "Ніч яка місячна" ni ya Mykhailo Starytsky. "Закувала та сива зозуля" si ya asili hata kwa kulegeza: Petro Nishchynsky aliitunga kama kipande cha kwaya ya wanaume katika "Vechornytsi", 1875. Ndiyo maana inazikaa kwaya za jeshi vizuri namna ile, haikuhitaji kupangwa upya. Lakini ni ndefu. Upande wa 78 wa sentimita 25 unabeba kama dakika tatu, kwa hiyo ukiipata humo ujue imekatwa au inaendelea upande wa pili. Geuza kabla hujalalamika kwamba mwisho umepotea.

Na hapa kuna kichekesho cha wakusanyaji. "Дивлюсь я на небо" ina maneno ya Mykhailo Petrenko na muziki wa Lyudmyla Aleksandrova. Lebo ikiandika муз. Л. Александровой, wapo wanaoisoma kuwa ni familia ya Alexandrov wa kwaya. Ni mama wa karne ya 19, hana uhusiano wowote na Moscow ya 1928.

Vifupisho vingine: сл. ni maneno, муз. ni muziki, обр. ni aliyepanga sauti. Huyo wa обр. mwangalie sana, kwa sababu wimbo mmoja ukiwa na wapangaji wawili ni kama nyimbo mbili.

---

FundiSindano alijibu:

Nachukua swali la (d).

Kuosha. Za 78 zimetengenezwa kwa shelaki. Spiriti huyeyusha shelaki. Tone moja la spiriti ya dawa linatosha kuacha doa la kijivu lisilotoka na mchakacho wa kudumu. Tumia maji yaliyokenekwa (distilled) na matone mawili ya sabuni ya maji isiyo na rangi wala harufu, brashi laini kufuata mfereji, kisha suuza kwa maji hayohayo matupu. Lebo isiloe, hasa ya kabla ya vita, wino wake hutoka. Kausha kwa kusimamisha kivulini.

Sindano. Ya 78 ni maikroni 75 hivi. Ya 33 za mono ni 25, ya stereo ni 18. Sindano ya stereo kwenye mfereji wa 78 huanguka hadi chini na kukokota vumbi, ndiyo ule mlio wa kukaanga mafuta ambao watu hudhani ni "uzee". Kama santuri ilichezwa sana kwa sindano za chuma, ukuta umelika mahali pamoja. Jaribu sindano ya maikroni 63, na ikishindikana ya 90, ili iguse sehemu ambayo chuma hakikufika. Uzito gramu 3 hadi 5 kwa 78. Usiogope kuongeza: sindano nyepesi mno hurukaruka na kuchimba zaidi kuliko iliyotulia.

Kasi. Huna 78, si tatizo. Cheza kwa 45, rekodi, kisha kwenye programu ongeza kasi kwa asilimia 73.33 (78 gawanya kwa 45). Chagua badiliko linalopandisha kasi na ufunguo pamoja. Usichague lile linaloulinda ufunguo. Ila kuna kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: kikuzasauti cha santuri kinaweka mkunjo wa RIAA (kiwango cha kusawazisha besi na sauti za juu za santuri za 33 na 45), na ukicheza kwa 45 mkunjo huo unaangukia masafa yasiyo yake. Mpangilio uwe huu: rekodi, ondoa RIAA kwa mkunjo wa kinyume, ondoa vipasuko, pandisha kasi, ndipo uweke mkunjo unaofaa. Ukipandisha kasi kwanza, besi zitavimba na hutajua kwa nini.

Rekodi kwa biti 24 na 96 kHz, kilele kiishie kama desibeli 6 chini ya ukomo, na uache chaneli zote mbili hata kama ni mono. Kuta mbili za mfereji hazichakai sawa. Sikiliza kushoto peke yake, kulia peke yake, kisha zikiwa zimejumlishwa, uchague. Mara nyingi jumla hushinda kwa sababu kelele za juu-chini hujifuta zenyewe, lakini santuri iliyolika upande mmoja husikika vizuri kwa chaneli moja tu.

Mkunjo wa 78. Usitumie RIAA. Anza na sehemu ya kugeukia (masafa ambayo chini yake besi huongezwa) ya 300 Hz, uje hadi 500, ukisikiliza besi. Ikizidi, sauti ya nne inavuma kama inaimbiwa ndani ya pipa. Ikipungua, bayani inakuwa nyembamba kama filimbi. Juu usikate chochote mwanzoni, punguza kidogokidogo hadi с na ш zitoke kama mtu anayesema na si kama mvuke wa sufuria.

Chini usikate kwa pupa. Wengine huweka kichujio cha 80 Hz kuondoa ngurumo, na papo hapo wanazikata besi zenyewe: do ya chini ya besi hizi iko kwenye 65 Hz. Chujia chini ya 30, na kama kuna mvumo wa umeme wa 50 Hz, uondoe kwa kichujio chembamba.

Ufunguo. 78 za zamani hazikukatwa zote kwa 78 kamili. Kwaya haiwezi kukusaidia, inateleza yenyewe. Tumia bayani. Vitufe vyake havitelezi, kwa hiyo chukua noti ndefu ya utangulizi uilinganishe na la ya 440. Nusu toni ni asilimia 5.95 ya kasi. Ikiwa bayani iko chini kwa senti 30 (nusu toni ni senti 100), pandisha asilimia 1.75, kama mizunguko 1.4 kwa dakika. Ikiwa imekaa katikati kabisa ya noti mbili, jaribu zote mbili kisha sikiliza soloisti: kasi ikizidi, mtetemo wa sauti yake hugeuka wa mbuzi.

Kupunguza kelele. Hapa watu huua santuri. Programu hujifunza kelele kutoka sekunde mbili za mwanzo kisha hufuta kila kinachofanana nazo. Kwa kwaya ya wanaume mia moja, с, ш, щ na х ni kelele kwa macho ya programu. Ukifuta desibeli 20, maneno yanageuka irabu tupu na mwisho wa kila mstari sauti inaogelea majini. Desibeli 6 zinatosha, 8 ukilazimika. Vipasuko vikubwa ondoa kwa mkono. Na hifadhi faili ghafi, lile la kwanza kabisa lisiloguswa. Miaka mitano ijayo programu itakuwa bora na utalihitaji.

---

Mfereji alijibu:

Naongezea kwa hizo za 33. Ukisikia mchakacho wa 78 ndani ya Д ya miaka ya 1950 yenye uso safi, usiioshe mara ya nne. Baadhi ya uimbaji wa zamani ulihamishiwa humo kutoka kwenye 78, na mchakacho ulihamia pamoja nao. Na mkwaruzo wa mwisho wa upande si lazima uwe uchafu: sindano inapita mfereji wa nje wa santuri ya sentimita 30 kwa kama nusu mita kwa sekunde, lakini karibu na lebo ni chini ya nusu ya hapo. Kwaya hizi hupandisha sauti mwishoni, yaani kelele kubwa kabisa imewekwa pale penye nafasi ndogo kabisa.

Kwa stereo yenye mashaka, geuza chaneli moja kichwa chini kisha jumlisha na ile nyingine. Kama kwaya inatoweka na kubaki mikwaruzo, ni mono.

---

MtegaSikio alijibu:

Wakuu asanteni sana. Nimepitia lebo kwa lenzi. Ya wanawake kweli ina Верёвки. Ya Kijerumani ni Don Kosaken. Ile safi mno ni Д-0, Советской Армии, п/у нар. арт. СССР Б. А. Александрова, ГОСТ 5289-61.

Kinachonichanganya ni 78 moja: п/у А. В. Александрова, lakini ГОСТ 5289-50. Baba amefariki 1946, kiwango ni cha 1950. Ni ya kughushi? Na je, nikishanakili naruhusiwa kuziweka mtandaoni?

---

Mfereji alijibu:

Si ya kughushi, na ningekuwa wewe ningeanza na hiyo. Uimbaji ni wa kabla ya Julai 1946, bamba mama likahifadhiwa, kiwanda kikachapa tena miaka ya 1950. Linganisha namba iliyokwanguliwa kando ya lebo na ile iliyochapwa. Zikilingana, ni uimbaji uleule wa mwanzo. Zikitofautiana, pengine lebo imebandikwa kimakosa, na hapo sikiliza kabla ya kuandika chochote. Pima upande wa pili kivyake, usiupe tarehe ya huu.

---

Kobza alijibu:

Kuweka mtandaoni: kuna haki mbili, ya rekodi na ya mpangilio. Umoja wa Ulaya ulipoongeza muda wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70 mwaka 2013, haukuzirudisha zile ambazo muda wake ulikuwa umekwisha, kwa hiyo zilizotoka kabla ya 1963 zilibaki huru. Marekani ni wakali zaidi: zilizotoka kati ya 1947 na 1956 zinalindwa miaka 110, na za 1957 hadi Februari 15, 1972 zinalindwa hadi Februari 15, 2067. Kisha rudi kwenye обр. Boris alifariki 1994, kwa hiyo wimbo uwe wa asili namna gani, mpangilio wenye jina lake bado una mwenyewe. Ile Д-0 yako soma обр. upande kwa upande, wimbo kwa wimbo, kabla hujapakia.

---

FundiSindano alijibu:

Na kwenye jina la faili anza na namba ya upande, kisha п/у, kisha jina la wimbo kama lilivyo kwenye lebo, makosa ya karani yakiwemo. Jina sahihi la Kiukraine liweke kwenye maelezo. Ukilisahihisha kwenye jina la faili, mwenye santuri kama yako hatakupata.